Walimtaka Ahesabu Watoto Wake

Jua halijachomoza sawasawa juu ya Kibugu, wilayani Embu, na Igoki wa Nyaga tayari yumo katikati ya michai, umande ukimtiririka kwenye nailoni aliyojifunga kiunoni. Mikono yake miwili inafanya kazi bila kungojeana. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, kisha konzi nzima inarushwa juu ya bega hadi kikapuni. Kikapu chenyewe hakitazami.

Baridi inayoshuka kutoka msituni inauma mpaka kwenye meno. Wanawake wawili kwenye mistari ya jirani wanacheka kisa cha bwana mmoja wa Kanja aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa kwa bei ya mzima. Igoki hacheki. Ana hasira, na hana mpango wa kuificha.

"Andika hivi," anamwambia mwandishi kabla hajaulizwa lolote. "Andika mimi si mjinga. Kuhesabu najua. Enda uliza pale kwa mizani."

Mwandishi alikwenda akauliza. Njuki, karani wa kituo cha kununulia chai, anasema Igoki hutaja kilo zake kabla kikapu hakijatundikwa, na ni nadra wapishane. Kibarua wa kuchuma hapa hulipwa shilingi tatu na nusu kwa kilo. Anayelipwa hivyo akiwa hajui hesabu, watoto wake watalala njaa.

Lakini liko faili nchini Tanzania linalosema vingine. Linasema Igoki ni mama asiyejua ana watoto wangapi. Kwa sababu ya sentensi hiyo moja, bintiye Nkirote, ambaye sasa ana miaka saba na ushei, analala ng'ambo ya mpaka katika nyumba ambayo mama yake haruhusiwi kukanyaga. Huu ni mwaka wa nne.

Kesi hiyo ingali mbele ya mahakama, kwa hiyo hatutazitaja mahakama zinazohusika, ile ya huku wala ile ya kule. Tutasimulia tu yaliyompata mama huyu, kwa maana yaliyompata yanachoma roho.

Igoki alizaliwa upande wa Meru akaolewa Kibugu na Nyaga, mkulima mdogo wa chai. Nyaga alifariki kwa homa ya mapafu, akamwacha mjane kijana na wanawe. Mwaka 1987 akaja Elisante, fundi wa mitambo kutoka kaskazini mwa Tanzania, aliyeajiriwa katika kiwanda kimoja cha chai. Alikuwa mtu mcheshi, hodari wa kutengeneza redio na baiskeli za majirani bila kudai chochote. Alipeleka mbuzi kwa wazee wa Igoki, wakapokelewa, akaitwa mkwe.

"Sikuchukuliwa kama gunia," anasema Igoki. "Alinioa vizuri. Hiyo ndiyo inaniuma."

Mwaka uliofuata walipata mtoto wa kiume. Kisha, Agosti 1989, wakaja watu wa sensa.

Hapa msomaji wa mbali anahitaji kuelezwa jambo ambalo mtu wa Embu au Meru hahitaji kuelezwa. Huku mtoto hahesabiwi. Ukiulizwa una watoto wangapi, unajibu kwamba ni hao Mungu amekupa, au unawataja kwa majina, au unamwambia aliyeuliza atazame mwenyewe. Namba haitoki mdomoni mwa mzazi. Kuitamka ni kukiita kifo kije kichague. Wapo wachungaji wa makanisa wanaohubiri dhidi ya imani hiyo kila mwaka, na ukiwauliza hao wachungaji idadi ya watoto wao, wanakohoa.

Karani wa sensa alipouliza, Igoki alimjibu kama alivyojibu mama yake na nyanya yake. Karani akasisitiza. Elisante, ambaye kwao hakuna mwiko huo, akacheka.

"Sema tu, mama watoto," alimwambia. "Ni serikali, haina njaa ya watoto wako."

Akasema. Wiki chache baadaye surua ikapita Kibugu nzima. Mtoto wa kiume wa Elisante akafariki.

"Mimi najua ni surua," anasema Igoki, na mikono inasimama kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Nesi alinieleza, na nilielewa. Lakini surua iliingia kwa kila nyumba, ikachukua kwangu. Wewe ungefanya nini? Ungehesabu tena?"

Elisante ndiye aliyechimba kaburi. Siku hiyo, anasema Igoki, alilia kama mtoto na kumwapia kwamba hatamlazimisha tena kutamka namba hiyo maisha yake yote. Tafadhali msomaji, kiapo hicho usikisahau. Tutakirudia.

Nkirote akazaliwa baadaye, akapewa jina la nyanya yake, mama mzazi wa Igoki, kama desturi inavyotaka. Ndiyo sababu Igoki hamwiti kwa jina. Humwita Mami.

Krismasi ya mwaka 1994 Elisante alisema mama yake ni mgonjwa na angependa kumwona mjukuu. Igoki alimfungia Mami viazi vikuu vya kuchemsha na gauni jipya la njano. Mwaka mpya ukaingia, shule zikafunguliwa, Elisante hakurudi kazini wala nyumbani. Baada ya muda dereva mmoja wa lori la maharagwe akaleta maneno: mtoto atakaa kwa kina babake. Baada ya dereva ikaja samansi ya kumwita mahakamani. Elisante alikuwa amefungua kesi kwao, akitaka apewe malezi ya mtoto.

Igoki alikwenda huko mara moja tu. Aliuza mbuzi, akapata kibali, akavuka mpaka pale Namanga. Kesi ikaahirishwa siku hiyohiyo aliyofika. Alichopata ni kumwona bintiye uani mwa mahakama kwa muda mfupi.

"Alikimbia akanishika gauni," anasema. "Shangazi yake akambandua kidole kimoja kimoja."

Mahakama ya kule ilimwonea huruma. Hakimu alisema mjane maskini hawezi kuvuka mpaka kila kesi inapotajwa, na kwamba nchi mbili jirani zina njia ya kusaidiana. Maswali yangeandikwa kule, yatumwe Kenya, naye aapishwe karibu na kwake, na majibu yarudishwe. Ni utaratibu mzuri, na nia ilikuwa njema. Lakini wahenga walisema njia ya kwenda motoni imetandikwa nia njema, na kama hawakusema, basi mwandishi huyu anasema.

Kwa maana barua hiyo ya maombi haipandi basi. Inatoka kwa hakimu kwenda kwa msajili, kwa msajili kwenda wizarani, wizarani kwenda ubalozini, ubalozini kwenda wizara nyingine, kisha kwa msajili mwingine, ndipo ianze kushuka ngazi hadi kwenye korti ya mtu wa kawaida. Maharagwe ya Meru huvuka mpaka huo na kupikwa siku ya pili. Barua ya Mami ilichukua mwaka na zaidi. Mtoto alibadilisha meno ya mbele barua ikiwa njiani.

Igoki aliitwa mwaka 1996. Hakuwa na wakili wakati huo. Hakuwa pia na mtu wa kumwachia watoto, hivyo akaenda nao wote, wakiwa wamepakwa mafuta na kuvishwa nguo za kanisani. Askari wa mlangoni akawazuia, akisema korti si shule ya chekechea. Wakabaki kwenye veranda, Mwenda, kifungua mimba wake, akiwashika mikono wadogo zake.

Hakimu alikuwa mgeni katika eneo hilo, ameletwa kutoka mbali. Alikuwa na karatasi ya maswali mbele yake. Haya ndiyo mazungumzo yao, kama Igoki anavyoyakumbuka, na kama watu wawili waliokuwemo walivyoyathibitisha.

"Swali la kwanza. Mama, una watoto wangapi?"

"Mheshimiwa, ni hao Mungu amenipa."

"Mungu amekupa wangapi?"

"Wale wako hapo nje, na huyo mwingine ako Tanzania. Huyo ndiye amenileta hapa."

"Sikukuuliza wako wapi. Nimeuliza ni wangapi."

"Niwataje majina, mheshimiwa? Nitakutajia wote, na siku kila mmoja alizaliwa."

"Jibu swali lilivyoulizwa. Maswali haya yametoka nje ya nchi. Mimi siwezi kuongeza neno wala kupunguza."

"Basi toka hapo nje kidogo uwaone na macho yako."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka, wala hakuinuka. Igoki akanyamaza. Hakimu akaandika, akaendelea na swali la pili.

Maswali mengine yote aliyajibu. Alieleza nani alimwogesha Mami, nani alimpeleka kliniki, alikuwa anaogopa nini, anapenda kula nini. Mwishoni akasomewa ushahidi wake kwa Kiingereza, haraka kama mtu anayekimbiza gari, akaonyeshwa mahali pa kuweka sahihi. Akaweka. Hakujua kwamba jibu lake la kwanza lilikuwa limeandikwa hivi: shahidi ameshindwa kutaja idadi ya watoto wake.

Mle ndani alikuwemo mtu mmoja aliyeelewa kila kitu. Karani wa mahakama hiyo wakati huo, Bundi, ni mzaliwa wa Meru. Ndiye aliyemwapisha Igoki na ndiye aliyekuwa akitafsiri pale maneno yalipokwama. Angeweza kuinuka na kusema: mheshimiwa, kwetu mama haulizwi hivyo. Maneno machache tu.

Mwandishi alimpata Bundi nyumbani kwake, amevaa kofia ya sufu, akimwagilia sukuma wiki. Alimkaribisha mgeni chai ya maziwa. Hakukana lolote.

"Nilijua kwa nini ananyamaza," alisema. "Lakini kazi ya karani si kufundisha hakimu. Nilikuwa nimebakisha muda mfupi nistaafu, bwana mwandishi. Ungeniambia nianze kutoa ushahidi mimi?"

"Na sasa, ungekubali kula kiapo na kuieleza mahakama mila hiyo?"

"Hayo mambo yalishapita. Mimi sitaki kuzunguka kortini na uzee huu."

"Mzee Bundi, wewe una watoto wangapi?"

Aliangalia mboga zake. Akatabasamu.

"Ah, ni wachache tu. Wale Mungu alinipa."

Mwandishi aliiacha chai hiyo ikiwa nusu. Haikuwa adabu, lakini haikumezeka.

Ushahidi ukarudi kwa njia ileile ya konokono, na mwanzoni mwa mwaka 1997 hukumu ikasomwa. Wakili Latifah Jumaa wa mjini Embu, ambaye sasa anamsaidia Igoki bila malipo, anasema sheria ya Tanzania inamwelekea mama pale mtoto anapokuwa chini ya miaka saba. Ni lazima ipatikane sababu nzito ya kumnyima. Sababu ikapatikana. Hukumu ilisema mama ambaye hajui hata idadi ya watoto aliowazaa hawezi kuaminiwa kumtunza mmoja wao.

"Nilisoma sentensi hiyo nikatupa karatasi," anasema wakili Latifah. "Ukurasa mzima wa majibu mazuri, hakuna aliyeugusa. Walichukua kimya cha mama wakakifanya ujinga. Mimi nimezaliwa Majengo, mama yangu ni Mwislamu wa hapa mjini, na hata yeye ukimuuliza swali hilo atakuambia umwache."

Alipochimba zaidi akakuta jambo jingine. Maswali hayo hayakutungwa yote na hakimu wa Tanzania. Kila upande uliruhusiwa kupendekeza yake. Igoki, bila wakili, hakupendekeza hata moja. Upande wa baba ulipendekeza kadhaa, na la kwanza ni hilo.

Wakili Latifah anasema alimweleza Igoki habari hiyo ofisini kwake, akidhani ni jambo dogo la kisheria. Igoki aliteleza kutoka kitini akaketi sakafuni.

"Mama Mwenda, ni nini?" wakili akamuuliza.

"Madam, huyo mtu alizika mtoto na mimi," akajibu. "Aliniapia. Alijua wakiniuliza hiyo, mdomo utafunga. Hakuna mtu mwingine Tanzania mzima anajua hiyo. Ni yeye."

Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu aliyechimba kaburi la mwanawe ndiye aliyeichukua siri ya mkewe, akaigeuza swali, akalituma kwa barua ya serikali mbili, likapigwa mihuri na watu wenye heshima zao, hadi likamfikia mama huyu kizimbani. Na kila aliyegonga mhuri aliamini anatenda haki.

Wakili wa Elisante alipopigiwa simu alizungumza kwa upole mwingi. "Lile ni swali la kawaida," alisema. "Mama yeyote duniani anaweza kulijibu." Kuhusu kifo cha mtoto na kiapo cha mteja wake, alisema hana maelekezo. Elisante mwenyewe hakutaka kuzungumza nasi.

Rufaa imekatwa. Mahakama ya juu ya kule imekubali ushahidi wa Igoki uchukuliwe upya, na safari hii barua imefika mapema kidogo. Wakili Latifah aliomba swali la kwanza libadilishwe, mama aulizwe majina badala ya idadi. Alijibiwa kwamba inawezekana, ila barua italazimika kurudi ilikotoka na kuanza safari upya. Mami ameshapita miaka saba. Kila mwezi unaopita, anasema wakili, mtoto anazidi kuwa wa kule. Mahakama inaweza siku yoyote kumuuliza yeye mwenyewe anataka kukaa na nani, na atajibu kwa kumtaja anayemjua.

Kwa hiyo swali litabaki lilivyo. Igoki anapanda kizimbani mwezi ujao, na swali la kwanza ni lilelile.

Nyumbani kwake, katika jiko lenye moshi, mama yake mzazi, Nkirote mkubwa, ameketi karibu na mafiga akimenya ndizi mbichi. Amekuja kutoka Meru kwa ajili ya jambo hili tu. Haamini kwamba korti ina haki ya kumwomba bintiye kitu kama hicho.

"Ukihesabu, ni nani atakuja kuzika?" anauliza. "Hakimu atakuja?"

"Mami nisipomhesabu nampoteza," anajibu Igoki. "Nikimhesabu, nahatarisha wote. Sasa nifanye nini, mama? Niambie wewe."

Bikizee anachukua ndizi nyingine. Anaendelea kumenya. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na humu jikoni wamo wazazi wawili. Kisha anasema, bila kuinua macho: "Kama ni lazima, anza na jina langu. Kama kuna kitu kinataka kuchukua mtu, kichukue Nkirote mzee."

Igoki amekata shauri. Atasema. Alilitangaza hilo kwa mwandishi asubuhi hiyohiyo ya umande, wakati wenzake walipokuwa wametangulia na vikapu kuelekea kituoni. Aliweka kikapu chini, akatazama huku na huku kama mtu anayetaka kuiba.

"Nataka nijaribu kama mdomo utakubali," alisema. "Wewe huna ukoo na mimi, haitakudhuru."

Akafumba macho. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya pili ikatoka. Lilikuwa neno moja, dogo, ambalo mtoto wa darasa la kwanza hulisema akicheza. Kisha akajifunika uso kwa leso na kulia kwa hasira, mabega yakimpanda na kushuka, hadi mwenzake mmoja akapaza sauti kutoka chini kuuliza kuna nini.

"Usiandike hiyo namba," alisema alipojifuta. "Hiyo ni ya korti. Nitawapa mara moja tu, kwa sababu wameshika mtoto wangu."

Gazeti hili linaijua idadi ya watoto wa Igoki wa Nyaga. Hatutaiandika.

Anainua kikapu, anakiweka sawa mgongoni na kuanza kushuka kuelekea kwenye mizani. Ana mpango, anasema akitembea. Gauni lile la njano lilikuwa na mwenzake, aliyanunua mawili, moja la sasa na moja kubwa la baadaye. Hilo kubwa bado liko sandukuni, na anahesabu kwamba sasa litamtosha Mami. Shule ya hapa karibu imeshamwambia nafasi ipo.

"Siku Mami ataingia kwa ule mlango, hiyo namba mimi nitaisahau kabisa," anasema. "Wakuje tena waniulize. Waandike tena kwamba sijui."